Fundi Aliyeambiwa Imepoa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Leo sina muziki wa kufungulia kipindi, na fundi mitambo wetu nimemwambia auache. Leo tunamkumbuka mtu mmoja, na ninamkumbuka nikiwa na hasira. Nisameheni mapema, kwa sababu huko mbele sitaomba tena.

Aliyefariki ni fundi wa injini za helikopta. Si zile kubwa za kubebea mawaziri. Ni zile ndogo za viti viwili, za kufundishia marubani. Amefariki Jumanne mchana, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja. Anazikwa kesho. Narudia kwa waliochelewa: fundi wa injini, miaka sabini na moja, anazikwa kesho. Chuoni tulimwita Mzee Poa Kwanza, na sasa hivi mtajua kwa nini.

Hapa mezani ipo barua. Imeletwa asubuhi na dereva wa chuo cha urubani alikofanya kazi. Ina muhuri, na karatasi yake ni nzito utadhani kadi ya harusi. Wanaomba niisome yote, neno kwa neno, na wanasema wataisoma tena kesho makaburini. Nawasomea sentensi moja. "Chuo kitamkumbuka marehemu kama fundi mwenye bidii na nidhamu, licha ya dosari moja iliyojitokeza mwishoni mwa utumishi wake." Naishia hapo. Yanayofuata ni maua matupu.

Dosari moja, eti. Mtu kavunjika uti wa mgongo, mzee wa watu kanyang'anywa leseni, miaka kumi na tisa hajagusa injini ya ndege, wao wanaita dosari, tena wanataka niitangaze kwa sauti ya majonzi. Hicho ni kilemba cha ukoka. Mimi simvishi marehemu kilemba cha ukoka mbele ya mke wake. Barua naiweka pembeni, nawasimulia mwenyewe.

Mzee alianza na pampu za maji. Akaenda kwenye jenereta, kisha magari, kisha akaajiriwa chuoni kuosha vipuri vya helikopta kwa mafuta ya taa. Miaka sita anaosha tu, huku akisoma vitabu vya mitambo wakati wa chakula cha mchana. Akafanya mitihani, akapata leseni, akawa ndiye fundi anayesaini. Maana chuoni helikopta hairuki mpaka fundi aseme iruke. Sahihi yake ndiyo ufunguo.

Sasa msinisikie nikimlilia mkadhani alikuwa malaika. Mzee alikuwa mkali, hana dogo. Karakana yake ilikuwa banda la bati lenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi ya kijivu, na ukiingia na matope unarudishwa mlangoni. Kila spana ilikuwa na kivuli chake kimechorwa ukutani, ili ikikosekana moja ionekane. Ukiazima bisibisi, unaacha kiatu kimoja. Nimewahi kuzunguka chuo asubuhi nzima na kiatu kimoja, watu wananicheka, kwa sababu bisibisi niliisahau darasani.

Ukimjia mbio, mzee injini imefanya hivi, imefanya vile, hakuinua hata kichwa. Alikwambia, poa kwanza. Maana yake tulia. Lakini pia maana yake, injini ya moto haiguswi, iache ipoe ndipo uichunguze. Jina likamganda hapo.

Na juu ya neno hilo alikuwa na sheria. Sisi vijana kila kitu kwetu kilikuwa poa. Mambo? Poa. Mtihani? Poa. Umefukuzwa darasani? Poa tu. Siku moja mzee alimuuliza mwanafunzi mmoja, injini vipi, mwanafunzi akasema poa, mzee akaweka kiganja juu ya silinda. Kovu lile amekufa nalo. Tangu siku hiyo akatangaza: huko nje poa ni salamu, humu karakanani poa ni ripoti. Ukisema poa mbele yake, umesema joto limeshuka, mtu anaweza kuweka mkono. Kama halijashuka, taja namba. Wasikilizaji wapendwa, naomba mlishike hilo. Poa kwake ilikuwa ripoti.

Chuo kilikuwa na helikopta tatu. Namba Moja, Namba Mbili na Namba Tatu. Namba Tatu ikaanza kuugua. Asubuhi haina shida, mchana ikishaelea hewani dakika kumi kwenye zoezi, sindano ya joto la silinda inapanda, inagusa mstari mwekundu. Mkuu wa chuo akasema kipimo ni kibovu. Kikaletwa kipya. Sindano ikapanda vilevile. Mkuu akasema na hicho nacho ni kibovu. Mzee akasema neno ambalo wanafunzi tulilirudia mwaka mzima: "Mtoto ana homa, wewe unafukuza kipimajoto."

Kisha akakaa nayo siku nne. Nilimuona, nawasimulia nilichokiona. Kwanza alihamisha kipimo cha Namba Tatu akakifunga Namba Moja, na cha Namba Moja akakifunga Namba Tatu. Namba Moja ikabaki nzima, Namba Tatu ikabaki na homa. Kwa hiyo kipimo hakikuwa na hatia. Akaenda kwenye oili. Akaitazama rangi, akaisugua kati ya vidole, akainusa, akasafisha kipozea oili kwa mswaki wa zamani, nyasi kavu zikatoka, lakini homa haikushuka. Akafungua plagi zote nane, akazipanga juu ya gazeti, zote rangi ya kahawia, kwa hiyo mafuta yalikuwa yanaungua sawasawa. Mkuu alikuwa anapita kila saa kuuliza kama imekwisha. Mzee akaendelea na kazi yake.

Ikabaki hewa. Nieleze kidogo. Gari likikimbia, upepo unalipoza. Helikopta inaelea mahali pamoja, upepo itaupata wapi? Kwa hiyo injini imewekewa feni yake, na imevikwa koti la bati ili upepo wa feni upite juu ya silinda na si pengine. Koti likitoboka, upepo unatorokea nje, silinda inabaki inaungua. Ila tundu likiwa nyuma, gizani, injini ikizimwa hulioni.

Mke wake ni fundi cherehani. Mzee alikwenda nyumbani akachukua kibweta kizima cha uzi mwekundu, bila kuomba, na nasikia aligombezwa wiki nzima. Akabandika vipande vya uzi kwenye maungio yote ya lile koti. Mkufunzi akawasha injini, helikopta ikiwa imekaa chini, na mzee akachuchumaa ubavuni na kioo kidogo alichokifunga kwenye fimbo. Nyuzi zote zililala. Mmoja, nyuma ya silinda ya nne, ukasimama wima unatetemeka. Palikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na mpira wa kuzibia ndani umejikunja. Mzee akazima, akaandika karatasi, ISIRUKE, akaifunga kwenye usukani kwa uzi uleule. Bati jipya lingefika baada ya wiki mbili.

Wiki mbili hizo mkuu hakuwa nazo. Alhamisi walikuwa wanakuja wakaguzi kuona kama chuo kinastahili kuendelea kupewa kibali, na mkuu alikwishawaahidi watu wakubwa kwamba helikopta zote tatu zitakuwa angani. Akaamuru ufa uzibwe kwa utepe. Utepe, jamani, kwenye injini. Mzee akamwambia utepe ni wa kufungia maboksi, wakatukanana mpaka wapishi wakatoka jikoni kusikiliza, lakini utepe ukabandikwa.

Alhamisi hiyo mzee hakuwepo. Mke wake alikuwa hospitali, anasubiri kufanyiwa upasuaji wa tumbo. Mkuu alimpigia simu asubuhi, akampigia tena, akampigia mara ya tatu mzee akiwa kwenye benchi la wodini. Mwisho mzee alichoka, akakubali jambo moja. Akasema, ieleeni mita moja kutoka chini, dakika kumi, halafu nipigieni mniambie joto. Likiwa chini ya mstari, irushwe mzunguko mmoja tu. Likiwa juu, ibaki chini. Nasema tena, kwa sababu hili barua ya chuo imelisahau: mzee hakuruhusu irushwe, aliruhusu ipimwe.

Ikaelea dakika kumi. Ndani walikuwemo mkufunzi na mwanafunzi mmoja. Mkufunzi akabaki ameshikilia usukani, mwanafunzi akasoma kipimo, helikopta ikatua, akateremka kwenda kupiga simu ukutani pale bandani. Mkuu wa chuo alikuwa tayari amesimama pembeni ya simu. Na wakaguzi walikuwa wameshakaa kwenye viti, mita thelathini kutoka pale.

Simu ilikuwa inakwaruza. Mzee akauliza, "Vipi?" Mwanafunzi akajibu kama anavyojibu kila mtu anayemuuliza vipi. Akasema, "Poa, mzee."

Mzee akauliza tena, polepole, "Imepoa?"

Mwanafunzi angeweza kusema hapana. Lilikuwa neno moja. Badala yake akasema, "Imepoa." Wakati huohuo nesi akawa anamwita mzee, mke wake anaingizwa chumba cha upasuaji. Mzee akasema basi, mzunguko mmoja, akakata.

Wasikilizaji wapendwa, mwanafunzi yule ni mimi.

Naona meneja wa kituo amesimama nyuma ya kioo, anajipitishia mkono shingoni, anataka nikate matangazo. Sikati. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nilitaka kuwa rubani, na leo ni mtangazaji kwa sababu nilipoacha urubani nilibakiwa na mdomo tu. Poa ya kwanza iliniponyoka. Ya pili niliisema nikijua. Sindano ilikuwa imevuka mstari mwekundu kwa upana wa vidole viwili. Niliiona kwa macho yangu, na nilimwambia mkuu kabla ya kushika simu. Mkuu aliniwekea mkono begani akasema, usituaibishe. Mkono aliuacha hapohapo begani muda wote nikiongea na mzee.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilisikia la mkuu wa chuo, na aliyevunjika ni mkufunzi wangu. Tuliruka. Kwenye kona ya pili, juu ya shamba la nyuma ya uzio, injini ikagonga mara tatu na nguvu zikaisha, kwa sababu pistoni ya silinda ya nne ilikuwa imekwama. Tulikuwa chini mno. Mkufunzi aliishusha na mapanga ya juu yakizungushwa na upepo tu, na tukatua kwa kishindo. Mimi kifundo cha mkono. Yeye uti wa mgongo. Anatembea na magongo mawili mpaka leo, na yeye pia alikuwa hajui kwamba mzee kadanganywa, kwa sababu niliporudi ndani nilimwambia mzee kapewa namba, kapiga hesabu, kasema twende.

Kamati ya kuchunguza ajali ilikaa siku mbili. Waliniuliza nilimwambia nini fundi. Nikasema, nilimweleza hali ya injini, akaruhusu. Andikeni hiyo sentensi muitazame. Haina neno hata moja la uongo, na yote ni uongo. Mkuu akathibitisha. Mzee alipoulizwa hakunitaja. Alisema, mimi fundi, sikuuliza namba. Ndivyo alivyosema, na wakachukua leseni yake kabla hajatoka chumbani. Mkuu akabaki na kibali chake, akapanda cheo, leo ni mwenyekiti wa bodi, na sahihi iliyo chini ya barua hii ni yake.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka kumi na tisa, na imepitia kwenye mshahara mzuri, na watu wananisalimia sokoni kwa sababu ya sauti yangu. Nimekuwa nikiwaambia ninyi kila wiki msamehe, mseme kweli, mheshimu wazee. Kama kuna mtu anatupa kitu redioni kwake sasa hivi, ana haki.

Jana nilikwenda msibani. Nilijiambia nakwenda kama mtangazaji, kukusanya habari za marehemu. Unafiki haunipi likizo. Chumba chao cha mbele kina vyerehani viwili, kimoja cha mama, kingine cha mzee, maana alipofukuzwa alikaa kando ya mke wake akawa anatengeneza vyerehani vya mtaa mzima. Kwenye kile cha mzee bado kulikuwa na suruali ya mtu, imeshonwa mguu mmoja. Viti vimeazimwa, binti yao anagawa maji, wanawake wamekaa kwenye mikeka. Binti ndiye aliyenifungulia mlango. Akaniambia baba yake hakukosa kipindi changu hata kimoja. Nikamuuliza alikuwa anasema nini. Akasema, "Alikuwa anasema, huyu kijana ana sauti nzuri, iko siku ataitumia." Akaondoka na sinia lake, akaniacha nimesimama mlangoni.

Mama alinipokea amekaa. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniambia nisikae. Akasema mumewe alimweleza yote siku yeye mama alipozinduka baada ya upasuaji. Kwamba yule kijana alisema imepoa. Akasema kwa miaka yote alitaka kuja kituoni kunivua nguo mbele za watu, na mzee akamkataza, akamwambia kosa ni lake yeye fundi, namba hakuuliza. Na hakuuliza kwa sababu yake yeye mama, kwa kuwa alikuwa anawahi kuushika mkono wake kabla hajaingizwa ndani. Hilo ndilo linalomuuma mama mpaka leo. Akasema chuo kimemwonyesha karatasi watakayosoma siku ya maziko, ya kumwita mume wake mzembe mbele ya wajukuu zake, na yeye hana karatasi. Halafu akanitazama usoni.

"Nataka wasikie kutoka mdomoni mwako, kabla hajaingia ardhini. Ukishindwa, usije kumzika."

Nilitoka bila hata kunywa yale maji.

Basi, mama, hili hapa. Mume wako hakukosea injini. Aliugundua ugonjwa wakati wenzake wanagombana na kipimo. Aliandika ISIRUKE kwa mkono wake. Aliuliza mara mbili, na mara mbili alijibiwa uongo, na aliyemdanganya ni mimi. Mkuu wa chuo aliiona sindano ikiwa nyekundu, na alijua. Nimeyaandika haya, nimeyatia sahihi, na nakala itafika kwa wakaguzi na kwa mkufunzi wangu, kokote litakakonipeleka jambo hili. Wakinifunga, wanifunge. Na ninyi wa chuoni, najua mnasikiliza. Msije na barua yenu makaburini. Mkija nayo, mtaikuta hii yangu imeshatangulia.

Natoa pole kwa mama, mke wa marehemu. Natoa pole kwa binti, kwa wajukuu, kwa majirani ambao vyerehani vyao vitakosa fundi. Natoa pole kwa mkufunzi wangu, ingawa pole yangu kwake ni kitu cha kumtukania tu. Na ninyi wasikilizaji wapendwa, kabla hamjazima redio, kaeni kidogo na jambo hili. Kila mmoja wetu ameulizwa kitu na mtu aliyekuwa anamtegemea, akajibu kilichokuwa rahisi. Nendeni mkatafakari ni nani mlimjibu hivyo. Kama bado yu hai, mpigieni leo, mimi nimechelewa.

Subirini kidogo. Fundi mitambo ameingia na karatasi. Anasema simu zimejaa, wengi wanatukana, na wako sahihi. Moja imetoka msibani. Ni mama mwenyewe. Fundi mitambo amemuuliza kama anataka kuzungumza hewani, akasema hapana, hana la kuzungumza na mimi. Ameacha ujumbe mmoja, umeandikwa hapa kama alivyousema.

"Mwambieni maziko ni saa nne. Asichelewe."